‘Tani moja’ ya pikapu si tani moja ya bidhaa

MWENYE pikapu anapoipeleka kwa fundi wa vyuma huko Kariobangi Light Industries ili ajengewe kibanda cha kuuzia chakula, mazungumzo yao aghalabu huhusu mambo matatu: dirisha lifunguke upande gani, rangi iwe ipi, na malipo ya kwanza yawe kiasi gani. Swali la nne, ambalo kwa haki lilipasa kutangulia mengine yote, mara nyingi haliulizwi na yeyote kati yao. Kibanda hicho kitakuwa na uzito wa kilo ngapi, na je, gari lina uwezo wa kukibeba?

Biashara ya kuuzia garini imeota mizizi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Kuanzia Buruburu hadi Kayole, na kutoka Donholm hadi Umoja, jioni inapoingia utaona magari yameegeshwa kandokando ya barabara, milango ya nyuma wazi, chipsi na kuku wakikaangwa, chai ikimiminwa, mitumba ikipangwa. Wengine wamepachika matangi nyuma ya pikapu na huuza maji katika ploti ambazo mifereji yake hukauka siku kadhaa kwa juma. Sababu ya mtindo huu kupendwa ni wazi: mfanyabiashara haulipii mlango wa duka, na wateja wakihama naye huhama.

Hata hivyo, gari la aina hii kwa kawaida hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi, kwa mkopo wa sako au kwa fedha za chama. Likizidiwa na mzigo, mwenyewe hupoteza zaidi ya siku moja ya mauzo. Springi hukatika, tairi hupasuka, breki hushindwa kulisimamisha gari kwa umbali uliotarajiwa, na katika barabara kama Jogoo au Outering, ambako watembea kwa miguu huvuka kila mahali, umbali huo ndio uhai wa mtu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hesabu inayohitajika haizidi ile ya darasa la nne. Ni kutoa na kujumlisha tu, ilmradi ifanywe kabla ya fundi kukata bati la kwanza.

Takwimu tatu

Kila gari la mizigo lina takwimu tatu zinazohusiana. Ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa jumla ulioruhusiwa, yaani gari lenyewe pamoja na dereva, abiria, mafuta na kila kilichomo. Ya tatu ni uwezo wa kubeba, nayo hupatikana kwa kuondoa ya kwanza katika ya pili.

Takwimu hizi huandikwa katika kitabu cha usajili wa gari, au logibuku kama wengi wanavyokiita. Magari ya biashara huwa pia na mbili za kwanza zilizopakwa rangi ubavuni, T.W. ikiwa ni uzito wa gari tupu na G.V.W. ikiwa ni uzito wa jumla. Wengi wetu tumeziona herufi hizo kwenye milango ya malori tangu utotoni bila kujiuliza maana yake. Isitoshe, mtengenezaji huweka kibandiko au bamba dogo karibu na mlango wa dereva au chini ya boneti, ambako mara nyingi hutaja pia uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Iwapo logibuku na bamba havikubaliani, ni busara kufuata takwimu iliyo ndogo hadi mkaguzi atakapoamua.

Hapo ndipo lugha ya sokoni inapopotosha. Pikapu huitwa “tani moja” na Canter huitwa “tani tatu”, kana kwamba majina hayo yamepimwa kwenye mizani. Ukweli ni kwamba ni majina ya jamii ya magari tu. Pikapu mbili za muundo mmoja, zilizotengenezwa mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana sana kwa uwezo. Yenye kabini mbili ina viti, milango na chuma zaidi, na uzito huo wote umekwisha kula sehemu ya mzigo. Yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne ina gia na ekseli nzito zaidi mbele. Mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya kabini mbili mara nyingi hununua uwezo mdogo zaidi wa kubeba.

Magari madogo yaliyotumika kutoka Japani ndiyo yanayowakwaza wengi. Toyota Probox ya mizigo, ambayo Wakenya wameipakia kila kitu kuanzia miraa hadi mifuko ya saruji, nchini mwake imeidhinishwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 pekee viti vya nyuma vikiwa na watu. Vile vijilori vidogo vya Kijapani vyenye injini isiyozidi sisi 660 huruhusiwa kubeba kilo 350. Kama tutakavyoona punde, kibanda cha chuma cha kawaida kinaweza kuzimaliza kilo 350 hata kabla ya kuwekwa sufuria moja.

Uzito wa chuma

Tuchukue mfano wa pikapu ya kabini moja ambayo uzito wake tupu ni kilo 1,700 na uzito wa jumla ulioruhusiwa ni kilo 2,700. Uwezo wake wa kubeba ni kilo 1,000 kamili, na mwenyewe anaamini amepata tani yake.

Kibanda anachotaka kina urefu wa mita 2.3, upana wa mita 1.6 na kimo cha mita 1.8. Kuta nne, paa na sakafu kwa pamoja ni eneo la mita mraba 21 na ushei. Bati bapa la chuma la futi nane kwa nne lina eneo linalokaribia mita mraba tatu, kwa hiyo yatahitajika mabati saba.

Uzito wa bati hutegemea unene wake, na hili halihitaji kubahatishwa. Chuma cha unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita mraba. Bati moja la milimita moja basi ni kilo 23 na nusu hivi, na la milimita moja na nusu, ambalo mafundi hulijua kama geji 16, ni kilo 35. Mabati saba ya geji 16 ni kilo 245.

Kisha kuna mifupa ya kibanda. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye unene wa milimita mbili na urefu wa mita sita, lina uzito wa kilo 14 na zaidi kidogo. Fundi akitumia mabomba 12, hizo ni kilo 172. Ongeza meza ya kukatia, rafu, bawaba, dirisha la kuinuliwa na rangi, tuseme kilo 60. Kibanda kitupu kimefikia kilo 477, na bado hakijauza hata kikombe kimoja cha chai.

Sasa tukipange. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 13 ni takriban kilo 54 ikiwa imejaa, kwani chuma cha mtungi hukaribia kulingana na gesi iliyomo. Jiko na kikaangio, kilo 40. Jokofu dogo, kilo 50. Jenereta, kilo 80. Maji ya kuoshea na kupikia, lita 100, ni kilo 100 barabara. Magunia mawili ya viazi ya kilo 50, kilo nyingine 100. Vyombo, kilo 20. Jumla yake ni kilo 444.

Wamebaki watu. Watengenezaji wengine humhesabu dereva ndani ya uzito wa gari tupu na wengine hawamhesabu, hivyo ni salama kudhani kwamba hayumo. Dereva na msaidizi wake wa jikoni, ambaye kwa desturi ya kazi yake si mtu mwembamba, ni kilo 150.

Kilo 477, na 444, na 150 ni kilo 1,071. Pikapu ya tani moja imezidiwa kwa kilo 71, na hakuna aliyefanya jambo lolote la kijinga. Kila kitu kilichopakiwa kilikuwa na sababu yake.

Kosa hili si letu peke yetu. Nchini Marekani kuna watu wanaopachika juu ya pikapu vyumba vya kulala vya kukunjwa, ambavyo paa huinuliwa wafikapo kambini, mithili ya paa za zile gari za watalii tunazoziona zikielekea Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Vyumba hivyo hutangazwa kwa uzito wake mkavu, yaani bila maji, gesi, betri, godoro wala chakula. Mnunuzi hulinganisha uzito huo na uwezo wa gari lake, akaridhika, kisha akajaza vilivyosalia. Tofauti yao na mteja wa Kariobangi ni kwamba wao angalau huambiwa uzito mkavu. Kibanda cha jua kali hutoka kwa fundi bila takwimu yoyote.

Kupunguza

Katika mfano wetu, tiba haipo mbali. Kuta zikijengwa kwa bati la milimita moja badala ya moja na nusu, mabati saba yatakuwa kilo 164 badala ya 245, na kilo 81 zitakuwa zimeokolewa. Mabomba mazito hayahitajiki kila mahali. Yale ya pembeni na ya sakafuni, ambayo hubeba mzigo, yabaki, lakini saba kati ya yale 12 yanaweza kuwa ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita moja na nusu. Bomba la aina hiyo lina uzito wa kilo 6.6 kwa mita sita, na hapo kilo nyingine 54 zimeondoka.

Jumla sasa ni kilo 936. Na iwapo mwenye gari atasafiri na mtungi mmoja tu wa lita 20 za maji, kisha anunue yaliyosalia kituoni, atashuka hadi kilo 856. Amebakiwa na nafasi ya kilo 144.

Nafasi hiyo si anasa. Gari huzeeka, bati hupakwa rangi juu ya rangi, na hakuna mfanyabiashara ambaye kibanda chake hupungua vitu mwaka hadi mwaka. Sehemu ya kumi ya uwezo wa gari, kwa maoni yangu, ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuachwa wazi.

Alumini ingepunguza zaidi, kwani uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma. Mabati saba ya alumini ya milimita moja na nusu hayafiki kilo 85. Lakini bei yake ni ya juu, na si kila fundi anayeweza kuiunganisha vyema. Mbao nazo huonekana nyepesi, lakini ubao wa plaiwudi nene wa futi nane kwa nne unaweza kuwa mzito kuliko bati la milimita moja, na ukilowa maji ya mvua huzidi.

Iwapo kisanduku cha nyuma cha pikapu kitaondolewa ili kibanda kikae moja kwa moja juu ya chasisi, uzito wa kisanduku hicho hurudishwa kwenye hesabu kama faida. Kikiwekwa ndani yake, hakuna faida yoyote.

Maji hayana hila

Wauzaji wa maji wana bahati moja: lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna haja ya kukisia. Lakini bahati hiyo ndiyo inayowaumbua. Yale matangi meupe ya mraba yaliyozungushiwa kizimba cha vyuma hubeba lita 1,000 na yenyewe huwa na uzito wa kilo 60 hivi. Likijazwa na kuwekwa juu ya pikapu yetu, hizo ni kilo 1,060 kabla ya dereva kuketi, mpira kuviringwa au pampu kufungwa.

Wapo wanaosema watalijaza nusu. Dawa hiyo ina ugonjwa wake. Maji yaliyo nusu tangi hayatulii. Gari likikata kona, yote hukimbilia upande mmoja, na likifunga breki hukimbilia mbele, ikawa ni kama mtu mwenye nguvu aliyefichwa nyuma anayelisukuma. Ni afadhali matangi mawili madogo yaliyojaa kuliko moja kubwa lililo nusu. Kwa gari la kilo 1,000, ukiondoa watu wawili kwa kilo 150, akiba ya kilo 100, matangi matupu kwa kilo 40, na pampu pamoja na mpira kwa kilo 25, zimebaki lita 685. Matangi mawili ya lita 300 yatatosha na baki.

Sheria na springi

Mteja akishaambiwa kwamba gari limezidiwa, jibu analolijua ni moja: “Tutaongeza springi.” Katika gereji nyingi za Eastlands hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Jani moja au mawili ya chuma huongezwa kwenye kila upande, gari likainuka nyuma, na mwenyewe akalipa akiwa na furaha.

Kilichotendeka ni kwamba gari limekoma kuonyesha dalili. Springi ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa vitu vinavyobeba mzigo. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, chasisi haikuongezwa unene, tairi hazikubadilishwa, na breki, ambazo ndizo zinazopaswa kuusimamisha uzito wote huo kwenye mteremko, ni zile zilizokusudiwa kilo 2,700. Mzigo uliokuwa ukisikika kwa springi kulalamika sasa unahamishiwa kwenye chasisi, nayo chasisi hailalamiki. Hupasuka.

Sheria nayo imelitazama jambo hili kwa jicho hilohilo. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari kutumiwa barabarani likiwa na mzigo unaozidi ule uliobainishwa na mtengenezaji wa chasisi, au uwezo uliokadiriwa na mkaguzi wa magari. Fundi wa springi hatajwi popote. Vivyo hivyo, mikataba mingi ya bima ina sharti kwamba gari lisipakiwe kupita kiasi, na sharti la namna hiyo husomwa kwa makini zaidi baada ya ajali.

Wengi hudhani sheria za uzito ni za malori marefu yanayopimwa Mlolongo, mji ambao inasemekana ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori hayo kwenye mizani. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti mizigo ya magari inalenga magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5, na pikapu nyingi haziufikii uzito huo. Lakini kutopimwa barabarani hakumpi mtu ruhusa ya kuzidisha, kwani Sura ya 403 inayahusu magari yote.

Aidha, kubadilisha muundo wa gari, kutoka pikapu ya wazi hadi gari lenye kibanda, ni badiliko linalopaswa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na gari kukaguliwa, ili logibuku ioane na gari lenyewe. Ni afadhali kwenda huko ukiwa na mchoro na hesabu ya uzito mkononi kuliko kwenda na kibanda kilichokwisha kuchomelewa.

Mzigo ukae wapi

Inawezekana uzito wa jumla uwe halali na gari bado liwe la hatari, kwa sababu ya mahali mzigo ulipokaa.

Sisi tuliokulia mitaa hii katika miaka ya 1970 na 1980 tunazikumbuka matatu za pikapu. Baada ya Rais Jomo Kenyatta kutoa amri mwaka wa 1973 iliyoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, mafundi walijenga vizimba nyuma ya pikapu, mabenchi pande mbili, na vijana wakaning’inia mlangoni. Abiria 16 wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 1,040, bila kizimba na bila walioning’inia. Lililokuwa likionekana wazi, hata kwa mtoto aliyesimama kando ya barabara, ni kwamba pua ya gari ilitazama juu. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoelekeza gari, yalikuwa yakigusa lami kwa shingo upande.

Hesabu yake ni ya bembea ya watoto. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita tatu, na mzigo wa kilo 900 una kitovu chake sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haitabeba kilo 900 tu, bali 990, na zile 90 za ziada zitakuwa zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Mzigo huohuo ukisogezwa ukae sentimita 30 mbele ya ekseli, mambo hugeuka: nyuma hubeba 810 na mbele huongezewa 90. Kilo ni zilezile, gari ni lilelile, lakini usukani ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo tangi la maji, jenereta na mitungi ya gesi, ambavyo ndivyo vizito, vikae mbele karibu na kabini na chini sakafuni. Vyombo vyepesi, mikate na karatasi za kufungia chipsi ndivyo vya nyuma na vya juu. Mafundi wengi hufanya kinyume. Huweka jenereta kwenye kijukwaa cha nyuma kabisa ili kelele na moshi viwe mbali na mpishi. Nia ni njema, ila kilo 80 zilizoning’inia mita moja nyuma ya ekseli huilemea ekseli hiyo kwa zaidi ya kilo 80, na kilichozidi huondolewa kwenye magurudumu ya mbele.

Kimo nacho kina gharama. Kibanda kinachomruhusu mpishi kusimama wima ni kirefu kuliko gari lilivyotarajiwa kubeba, na kitovu cha uzito hupanda nacho. Ni kwenye matuta na kona za ndani ya mitaa, si kwenye barabara kuu, ambako gari la namna hii huyumba hadi likaangukia ubavu. Paa la kuinuliwa, linalofunguliwa gari likishaegeshwa, hupunguza kimo safarini, ingawa bawaba na vyuma vyake ni uzito wa kuongezwa kwenye hesabu.

Nambari ya tairi

Ubavuni mwa kila tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, huwa kuna nambari ya tarakimu mbili au tatu. Hiyo ndiyo nambari ya mzigo. Tairi yenye 91, ambayo ni ya gari dogo la kawaida, inaruhusiwa kubeba kilo 615. Yenye 100 ni kilo 800, na yenye 106 ni kilo 950. Zile za magari ya mizigo mara nyingi huwa na nambari mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, mathalani 106/104. Ya pili hutumika pale tairi zinapofungwa mbilimbili upande mmoja.

Turudi kwa pikapu yetu. Ikiwa tupu, tuseme ekseli ya nyuma hubeba kilo 750. Mzigo wa kilo 860 ukikaa juu yake, jumla ni 1,610, nusu yake ni 805. Tairi ya 91 imeshindwa kwa mbali, na ya 100 imeshindwa kwa kilo tano. Ya 106 inatosha, alimradi iwe imejazwa upepo kwa kiwango ambacho mtengenezaji amekitaja kwa gari lenye mzigo kamili, wala si kile cha gari tupu.

Anayenunua tairi zilizotumika aangalie pia tarakimu nne zinazofuata herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3514 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2014, na hata kama meno yake bado ni marefu, mpira wake haufai kuaminiwa na kilo mia nane.

Kwenda kwenye mizani

Hesabu ya karatasi ni makadirio, na mizani ndiyo hakimu. Viwanda na maghala mengi ya Industrial Area, pamoja na wafanyabiashara wakubwa wa vyuma chakavu, wana mizani ya kupimia magari, na baadhi yao hukubali kumpimia mtu wa nje kwa ada.

Gari lipimwe mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kibanda kujengwa, tangi la mafuta likiwa limejaa na dereva akiwa ndani, ili mwenyewe ajue ana kilo ngapi za kuchezea. Takwimu ya logibuku ilikuwa ya gari lilipokuwa jipya, na gari la umri wa miaka 12 lililofungwa vyuma vya mbele, paa la mizigo na mlango mpya wa nyuma si gari lile. Mara ya pili ni kibanda kikiwa kimekamilika na kupakiwa kama siku ya kazi, gesi, maji, viazi na mpishi wote wakiwemo. Mwenye mizani akikubali, magurudumu ya mbele yapimwe peke yake kwanza, kisha gari zima. Ukiondoa ya kwanza katika ya pili, umepata mzigo wa ekseli ya nyuma.

Kwa yule ambaye kibanda chake kimekwisha kujengwa na mizani imemkatalia, njia zilizosalia ni chache. Anaweza kubomoa kuta na kuzijenga upya kwa bati jembamba, jambo ambalo mafundi hawalipendi lakini hulifanya. Anaweza kukihamishia kibanda kwenye lori dogo la tani mbili au tatu, akikumbuka kwamba uzito wa jumla unaopita kilo 3,500 unahitaji dereva mwenye leseni ya daraja jingine. Au anaweza kukiweka kwenye trela yenye ekseli yake, likavutwa na pikapu ileile. Trela hilo nalo huandikishwa kivyake, likapewa nambari zinazoanza na herufi Z, na lina uzito wake wa jumla ulioruhusiwa, ambao mwenyewe atapaswa kuanza kuuhesabu upya kutoka mwanzo.